Fundi wa gita pale soko la Kibuye, Kisumu: briji kaishika vizuri, venishi hapana

Kama una gita ya nyuzi za nailoni na unakaa Kisumu, Vihiga ama Kakamega, soma hii kabla hujampelekea mtu akaipiga skrubu.

Kwanza gita yenyewe. Niliachiwa na mwalimu mmoja Mhispania aliyekuwa anajitolea huku kwetu Luanda ya Vihiga, siku ya kurudi kwao mzigo ukazidi kilo akaniambia chukua wewe. Stika ya ndani imeandikwa Valencia. Ni nyepesi mpaka ukiishika mara ya kwanza unadhani kuna kitu wamesahau kuweka, rangi yake manjano manjano kama maandazi yaliyotolewa mapema kwa mafuta, na pale kando ya tundu kuna plastiki nyembamba ya kuonyesha imebandikwa juu ya mbao. Miaka miwili nzima nilijua hiyo ni ya kuzuia mikwaruzo. Kumbe ni gita ya flamenco, ule muziki wa kusini mwa Uhispania, na ile plastiki iko hapo igongwe! Wapigaji wa Andalusia wanachapa nyuzi kwa kucha na hapo hapo kidole kinagonga uso wa gita, wanaita golpe. Nilivyojua nilicheka sana, maana mpigaji wa nyatiti si huvaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, anagonga nayo ubao wa chombo na mikono iko bize na nyuzi nane? Hao watu wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Sasa shida. Nyuzi zilikatika mbili, nikaingia duka fulani mjini (jina nawaachia), kijana akaniuzia seti ya chuma akasema ati hizi ndizo zina sauti kali. Nikafunga mwenyewe kama mjinga. Sauti ikawa kali kweli wiki ya kwanza, ya pili tumbo la gita likaanza kufura nyuma ya briji (kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi), ya tatu Jumamosi usiku tumelala tukasikia PAA, mke wangu akadhani ni transfoma. Briji imeruka yote na nyuzi zake.

Hesabu yake ni rahisi na ningejua mapema ningelia kidogo. Nyuzi za nailoni zote sita zikituniwa zinavuta kama kilo 40 hivi. Za chuma za kawaida zinapita kilo 70. Na uso wa gita ya Kihispania ni mbao ya milimita mbili na kitu tu, haina chuma ndani ya shingo, haina kitu, briji imeshikwa na gundi peke yake. Ni kama kumfunga mbuzi mkokoteni wa punda.

Fundi wa kwanza nilimpelekea karibu na nyumbani akaangalia sekunde tano akasema tupige skrubu mbili tumalize. Nikabeba gita yangu nikatoka.

Basi mtu wa kwaya yetu akaniambia kuna mzee Kibuye, anatengeneza vitanda na viti ila ameshika gita za watu wa benga miaka mingi. Nikapanda matatu, makanga akataka nilipie gita siti yake (tuliongea lugha mbili tukafika hamsini), nikashuka stendi nikachukua tuktuk. Ukifika Kibuye uliza upande wa vitanda, sema fundi wa gita, watakuonyesha hata kabla hujamaliza sentensi. Usiende Jumapili, soko linajaa hakuna pa kukanyaga na yeye mwenyewe hayuko.

Kitu cha kwanza alichofanya kikanifanya nimwamini: hakuangalia briji. Aligeuza gita, akagonga mgongo na kucha, akanusa ndani ya tundu, akasema, "Mwalimu, hii si saipresi?" Nikamwambia ndiyo mzee, gita za flamenco za asili mgongo na mbavu ni saipresi, ya kwao ya Mediterania, si hii yetu ya mashamba lakini ni ukoo mmoja. Akaita majirani! Ati kujeni muone wazungu wanaimba na mbao ya kuezekea. Kwa kweli zamani hiyo ndiyo ilikuwa sababu, saipresi ilikuwa bei nafuu huko Uhispania na wapiga flamenco hawakuwa matajiri, mbao nyeusi za kutoka ng'ambo zilienda kwa gita za klasiki. Halafu ikagundulika kwamba huo wepesi unatoa sauti kavu inayoruka haraka, na hiyo ndiyo wachezaji wanataka, haivuti vuti.

Akaingiza kioo kidogo na tochi ya simu akahesabu vijiti vya ndani, saba, vimetandazwa kama vidole kuanzia kwa tundu. Kimoja kilikuwa kimeachia. Hapa ndipo tulibishana. Yeye ni mtu wa vitanda, akili yake inasema kitu kikivunjika ongeza mbao, akataka kuweka ubao mnene chini ya briji isirudie tena. Nikamwambia mzee tafadhali, nikamsimulia habari ya Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyezaliwa 1817, huyo ndiye alikaza huo mpango wa vijiti kama feni na ukubwa wa gita tunaoujua leo. Mwaka 1862 alitengeneza gita moja uso wa mbao, lakini mgongo na mbavu zote akafanya kwa karatasi iliyokandwa na gundi, kuonyesha watu kwamba kinachoimba ni uso. Gita hiyo iko makumbusho ya muziki Barcelona mpaka leo. Mzee akanyamaza, akazungusha gita mkononi, akasema, "Kwa hivyo hapa mbele ndio koo, huko nyuma ni nyumba tu." Hakuongeza ubao. Akarudisha kijiti mahali pake na gundi basi.

Kazi ya briji ilikuwa tamu kuangalia. Alipasha kisu kwa makaa akalainisha mabaki ya gundi ya zamani, akakwangua pande zote mbili mpaka mbao ikawa safi kabisa, maana gundi juu ya gundi haishiki. Klampu zake ni za milango, haziingii kwa tundu la gita. Akafanya nini? Akalaza gita chini ya rafu, akakata fito nyembamba ndefu kuliko ile nafasi, akazikunja moja moja kati ya rafu na briji, zikawa zinasukuma zenyewe chini kama mkono. Fito saba. Nilienda nyumbani nikatazama video za mafundi wa Granada nikakuta wana sanduku zima la kufanya hivyo hivyo! Mzee hajawahi kuona hiyo video.

Kile kifupa cha juu ya briji kinachobeba nyuzi kilikuwa kimepasuka, akatuma kijana kwa kibanda cha nyama choma akaletewa mfupa wa ng'ombe, akauchemsha kutoa mafuta, akaupiga msasa. Mara ya kwanza akauacha juu sana, gita ikawa ngumu kama ya klasiki, na flamenco nyuzi zinatakiwa ziwe chini, karibu na mbao, ndio kidole kifike kwa ile plastiki bila safari. Nikarudisha, akapunguza bila kuniitisha kitu.

Bei: briji na kijiti 1,500, mfupa 300. Nyuzi za nailoni niliagiza Nairobi, 1,200 na pesa ya parseli. Nenda na zako, yeye hauzi.

Sasa malalamiko, maana yapo. Aliniambia siku tatu, ikawa siku kumi na mbili, kila nikipiga simu ni kesho mwalimu, kesho mwalimu. Hiyo mngeweza kuvumilia. Lakini mzee huyu ana ugonjwa wa venishi. Nilikuta amezungushia briji venishi ya viti, nzito, na brashi, ati ameipendezesha. Gita nzuri hupakwa tabaka jembamba sana, maana ukiweka nzito uso unashindwa kutetemeka. Sasa kuna doa la kahawia upana wa kiganja na siwezi kulitoa bila kuharibu zaidi. Sauti haijaumia sana, nashukuru, ila kila mgeni anauliza kama nilimwagia chai.

Na sauti sasa? Nyuzi za nailoni zilinisumbua siku tano, unatuni unaenda kunywa maji ukirudi zimeshuka nusu toni, hiyo ni kawaida zinavutika. Zilipotulia nikapiga omutibo, ule mtindo wa kina George Mukabi wa gumba na kidole kimoja, na niwaambie, saipresi inaupenda. Besi haigandi, noti inasema na kunyamaza inapisha nyingine. Zile gita za chuma tulizozoea zinajaza chumba chote mpaka unashindwa kusikia gumba linafanya nini.

Nampa nne kwa tano. Freti ya tisa (kile kichuma cha kukata shingo) bado inazomea kwa uzi wa tatu, nitampelekea shule zikifungwa, na safari hii nitakaa hapo hapo kwa stuli mpaka amalize, kopo la venishi nikiwa nimelikalia.