TAHADHARI: "Graniti ya Dodoma" inayouzwa Dar kwa bei ya kutupwa

Wanaotengeneza njia za bustani na maegesho Dar es Salaam, kuweni macho. Kuna madalali mtandaoni wanatangaza changarawe ya itale (graniti) iliyooza, yaani jiwe lililolika lenyewe hadi kuwa punje, kwa jina la "graniti ya dhahabu kutoka Dodoma", kwa bei ya chini hata kuliko kokoto za kawaida. Picha imepigwa changarawe ikiwa imelowa maji ili rangi ikolee. Ukiuliza sampuli, jibu ni "tuma kwanza hela ya mafuta". Tipa likifika, kama litafika, limebeba kitu kingine.

Dar imekaa juu ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya matumbawe. Itale iko bara: Dodoma, Singida, Iringa, Mwanza. Kutoka Dodoma hadi hapa ni kama kilomita 450. Mzigo uliosafiri umbali huo hauwezi kuuzwa chini ya kokoto za Lugoba, hapo jirani mkoani Pwani.

Itale ya kweli ikioza, madini yake ya feldispa hugeuka unga mweupe wa kaolini, punje za madini ya kwatzi hubaki ngumu, na vipande vyembamba vya ulanga humetameta juani. Huo unga kidogo ndio unaofanya kazi ya gundi: ukilowanishwa na kushindiliwa, unashika punje. Ukikosekana, njia inateleza chini ya kiatu kama ufukwe. Ukizidi, masika ya kwanza unakanyaga tope. Kwa njia ya miguu, punje kubwa zisizidi milimita 10 na unga uwe kama asilimia 10 hadi 15.

Udanganyifu unaojirudia zaidi ni chokaa. Matumbawe yaliyosagwa, ya aina inayopatikana Kunduchi na Boko, yanachanganywa na kifusi chekundu kidogo hadi rangi ifanane. Kwa macho huwezi kubaini, hasa yakiwa na maji. Chukua kiganja kimoja, suuza, ponda punje chache, kisha mwagia siki au kamulia ndimu. Itale hainyanyui hata povu moja. Chokaa inachemka. Jaribu punje za rangi tofauti, maana mchanganyiko una zote mbili. Ukiweka chokaa karibu na iksora (ua la bustani), udongo unapanda ualkali, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Watu humwaga mbolea juu ya mbolea wakidhani mmea una njaa.

Cha pili ni kifusi chenye mfinyanzi. Jaza chupa ya kioo theluthi moja, ongeza maji karibu ijae na sabuni ya unga kidogo, tikisa dakika mbili, iache itulie. Mchanga na changarawe hutua ndani ya dakika moja, tope laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi hadi kesho yake. Tabaka laini la juu likizidi robo ya kina chote cha kilichotua, kataa. Huna chupa? Lowanisha kiganja kimoja, toa punje kubwa, sukuma kwa dole gumba kama unatengeneza utepe. Ukifika sentimita 5 bila kukatika, hiyo ni ya kufinyangia vyungu.

Kuna na mchanga wa baharini. Loweka kikombe kimoja kwa kikombe cha maji safi usiku kucha, chuja kwa kitambaa, chemsha maji hayo yakauke. Sufuria ikibaki na ukoko mweupe, onja kidogo tu: ukiwa na chumvi, usiusogeze mchanga huo karibu na mizizi.

Sasa vipimo, ambako pesa nyingi zinapotea. "Tani saba" ni jina la gari, si kiasi cha mzigo. Panda juu na futi yako kabla halijamwaga: pima urefu na upana wa bodi kwa ndani, kisha sawazisha mzigo na upime kina chake. Bodi ya mita 4 kwa 2 yenye kina cha nusu mita ni mita 4 za ujazo, basi. Chomeka nondo sehemu tatu nne uhakikishe kina ni kilekile, maana wapo wanaotandika mbao au magunia chini. Na mzigo wenye unyevunyevu huvimba, kwa hiyo ujazo unaoulipia una hewa ndani.

Jua pia unachohitaji, usiuziwe tripu mbili kwa kazi ya moja. Njia ya mita 10 kwa 1.2 yenye unene wa sentimita 7.5 baada ya kushindiliwa ni mita 0.9 za ujazo. Ongeza robo kwa ajili ya kushuka, unapata kama 1.1. Wanaokuambia "ukishindilia haishuki" wanakupunja.

Halafu kuna ile inayouzwa ghali kuwa "tayari ina saruji ndani". Saruji ikikutana na unyevu huanza kuganda ndani ya saa chache. Iliyochanganywa asubuhi na changarawe mbichi ikafika jioni imeshakufa, hata ukiimwagilia. Nunua changarawe kavu, changanya na saruji mwenyewe pale pale: mfuko mmoja na nusu wa kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, tandaza tabaka mbili, lowanisha, shindilia papo hapo.

Lipa baada ya kujaribu na kupima, gari likiwa bado limesimama na bodi haijainuliwa. Sharti hilo liandikwe kwenye meseji kabla gari halijatoka. Kama umeshamwagiwa chokaa, ihamishie chini ya maegesho, mbali na mimea. Kifusi chenye mfinyanzi kinafaa kujazia mashimo, ila kisiwe tabaka la juu.