Carina yangu inachemsha Mwanga, haichemshi Mwandiga: uzoefu wangu na mafundi wawili wa Kigoma

Najua mtu wa Dar akisikia nalalamikia foleni ya Kigoma atacheka. Aje basi Mwanga jioni, sokoni pamechangamka: bodaboda kushoto na kulia, bajaji inageuza katikati ya barabara, lori la mizigo limeegeshwa anavyojua dereva wake, na wewe unasogea kwa kuachia breki tu. Hapo ndipo Carina Ti yangu ya 1998, injini 5A, ilipokuwa ikinitia aibu. Dakika kumi hazijaisha, mshale wa joto umeshaiacha nusu unaitafuta H, alama ya moto. Nikichomoka pale nikashika barabara ya Mwandiga, gari ikapata upepo, mshale unashuka wenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Fundi hakuniuliza hata swali moja. Alifungua boneti, akaangalia kidogo, akasema, "Dada, hii hedi gasketi imekwenda," yaani ule mpira bapa unaoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Sh 350,000. Nilipogoma akabadili wimbo: akang'oa thermostati, akanikabidhi imefungwa kwenye kipande cha gazeti, eti hizo Wajapani wameweka kwa ajili ya baridi ya kwao, huku kwetu hazina kazi. Nikalipa sh 15,000. Maneno hayo utayasikia gereji nyingi na si kweli. Thermostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta, ile inayoyapoza pale mbele, mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Yangu imegongwa namba 82, yaani inafunguka kwenye nyuzi 82. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi na inakunywa mafuta. Nilipokwenda Kasulu wiki ile mshale haukufika hata robo, petroli ikaisha mapema kuliko kawaida, na niliporudi sokoni Mwanga gari ikachemsha vilevile!

Wiki mbili nzima niliendesha na hita imewashwa, vioo vyote chini. Hita inavuta joto kutoka kwenye maji ya injini na kukupulizia wewe, kwa hiyo injini inapona na wewe unaiva. Kwa joto la huku ziwani, nilikuwa nafika kazini kama nimetoka kuogelea Kibirizi.

Fundi wa pili yuko Gungu, kijana tu, anafanyia kazi chini ya mwembe. Swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nimwachie funguo: "Dada, inachemsha ukikimbia au ukisimama?" Nikamwambia ukisimama. Akasema basi hedi gasketi tuiache kwanza, tuanze na upepo. Gari ikikimbia, hewa inapita yenyewe kwenye rejeta; ikisimama, kila kitu kinaitegemea feni.

Hata hivyo hakurukia feni moja kwa moja. Injini ikiwa bado baridi alifungua kifuniko cha rejeta, akaiwasha, tukakaa tunaangalia maji: hakuna mapovu. Akachomoa kijiti cha oili, hakuna rangi ya maziwa. Hizo mbili ndizo dalili za hedi gasketi iliyokufa. Akafunga kifuniko, akaacha injini ikinguruma huku kashika hozi ya juu ya rejeta, halafu ya chini. Zote zikapata moto, maana yake maji yanazunguka. Mshale ukapita nusu. Feni kimya.

Akachomoa waya wa swichi ya joto. Kwenye hizi Toyota za zamani, ukiichomoa swichi hiyo huku funguo iko on, feni inatakiwa izunguke muda huohuo. Haikuzunguka. Akaweka testa kwenye soketi ya feni, taa ikawaka. Umeme unafika. Kisha akachukua spana, akaigonga mota kwa mpini, ko, ko, na feni ikaanza kuzunguka kwa uvivu, ikikwaruza. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Alipoipasua mota akanionyesha kiganjani: kaboni mbili, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimelika mpaka zimebaki kama kipande cha kucha, na vumbi jeusi limejaa ndani. Nilimuuliza kwa nini asiweke kaboni mpya tu, ingekuwa rahisi kwangu. Akanionyesha ile shaba zinapogusa, imechimbika mifereji. Kaboni mpya zisingemaliza mwezi, alisema. Nilimwamini kwa sababu mifereji niliipitisha ukucha mwenyewe.

Gharama: mota iliyotumika sh 50,000, thermostati mpya sh 20,000 (ile ya kwenye gazeti ilishapata kutu), kulanti (maji ya dawa ya rejeta) ya lita 5 iliyochanganywa tayari sh 25,000, ufundi sh 30,000. Jumla sh 125,000. Rejeta aliiosha bure, akipuliza maji kutokea upande wa injini kwenda nje, na uchafu uliotoka, wadudu na vumbi jekundu, ungejaza kikombe.

Sasa malalamiko, maana yapo. Aliniambia kesho, nikapata gari siku ya tatu. Mara anasubiri spea, mara simu haipatikani. Risiti hakuna. Mota ya mtumba haina dhamana, na ina mvumo kuliko ile ya zamani ilipokuwa nzima.

Jumamosi niliijaribu makusudi. Nilikaa Mwanga nusu saa, injini inawaka, hita nimezima. Mshale ulifika nusu, ukapita kidogo, feni ikashika, ukarudi. Dakika chache ikazima, ikashika tena. Nilihesabu mara sita, mpaka mwenye bodaboda akanigongea kioo, "Mama, unaenda au unalala?"

Nyota nne kwa fundi wa Gungu. Ya tano imebaki kwenye boliti moja ya fremu ya feni ambayo hakuirudisha. Nikipita kwenye tuta naisikia fremu ikigonga. Jumatatu namfuata.