Haydn, Caroline Shaw na Mozart jioni moja: uzoefu wangu na okestra ndogo

Onyesho la London, kama dakika 50 bila mapumziko. Wapigaji 20: fidla 9, viola 3 (fidla kubwa kidogo, za sauti nzito), selo 3, besi 1, obo 2 (ala nyembamba za kupuliza), honi 2 (ala za shaba zilizoviringwa). Hakukuwa na mwongozaji. Kiongozi wa fidla ndiye aliyetoa ishara, kwa upinde na kwa pumzi.

Kilichonifurahisha zaidi ni mpangilio. Walifungua na minueti (muziki wa dansi ya mapigo matatu) ya Haydn kutoka kwarteti (utunzi wa ala nne za nyuzi) ya Opus 77 namba 2 (1799), wakaingia moja kwa moja kwenye Entr'acte, ambayo Shaw, mtunzi wa Marekani, aliiandika 2011 baada ya kuisikia kwarteti hiyohiyo. Makofi yasipokatiza, sikio linaushika uhusiano lenyewe: Haydn anatoka kii (ngazi ya sauti) ya F meja na kutua kii ya D-flati ghafla, na mgeuko huo ndio uliomvutia Shaw akatunga minueti yake. Kuna mahali pinde zinapita huku vidole vya kushoto vikigusa nyuzi bila kuzibana. Kinachotoka ni mvumo usio na noti, kama pumzi. Mwishoni inabaki selo moja, akodi (noti kadhaa kwa pamoja) zikikwanguliwa kwa vidole polepole. Mpigaji hakuharakisha hata moja, na ni vigumu mno kujizuia pale.

Mvumo ule wa pinde haufiki nyuma ya ukumbi; kiyoyozi kinaufunika. Kata tiketi safu ya tano hadi ya nane, katikati. Mbele kabisa utasikia fidla tu.

Kasoro ilijitokeza kwenye simfoni namba 29 ya Mozart (1774). Obo zilikuwa zimekaa kimya zaidi ya robo saa, na ala ya kupuliza ikipoa sauti hushuka. Wakaanza bila kulinganisha upya, na sehemu yote ya kwanza obo zikawa chini kidogo ya fidla. Wangezipasha moto nje ya jukwaa, kisha wachukue tena noti ya A ya kulinganishia sauti, isingechukua hata dakika.

Vinginevyo Mozart alipigwa vizuri sana. Ule mdondoko wa oktavu (noti nane kwenda chini) wa mwanzo uliporudi kwa nguvu, selo na viola ziliufuata nyuma ya fidla waziwazi. Kwa aliyezoea taarab, ambako fidla hufuata lahani moja kwa pamoja, hapo ndipo pa kutega sikio. Honi za kii ya A ziko juu sana na huchosha midomo, lakini mwisho wa simfoni zilitoka safi, bila noti hata moja kupasuka.