Semina ya Down sindromu shuleni kwetu: wanafunzi nyota tano, kikao cha wazazi mbili na nusu

Kuna watu kadhaa waliniomba mrejesho wa hii huduma, basi huu hapa, na ni mrefu kidogo mtanisamehe.

Ni kikundi cha wazazi wa hapa Dar kinachozunguka mashuleni na mitaani kutoa semina ya Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtoto achelewe kukua na kujifunza. Jina silitaji maana kuna sehemu nitawapiga madongo, ila mlioko kwenye haya mambo mtawajua tu. Hawana bei ya kutisha, mnachangia usafiri wao na chakula cha mchana, halafu wanauza soksi za rangirangi kutunisha mfuko wao. Kamati ya wazazi shuleni tukawaita kwasababu tuna mtoto mmoja darasa la nne mwenye hiyo hali, na wenzie walishaanza kumpa majina ambayo siyaandiki hapa.

Asubuhi ilikua ya wanafunzi na kwakweli hapo hawa watu wanajua kazi yao. Hakuna hotuba. Kila mtoto akaambiwa avae soksi mikononi, zile nzito, halafu afunge vifungo vya shati la mwenzie huku darasa zima linapiga kelele haraka haraka. Vurugu yake we acha. Dogo mmoja akahangaika na kifungo kilekile mpaka akapandwa hasira, akavua soksi akazitupa chini. Dada mwezeshaji akamwambia, umechoka eeh, sasa mwenzio misuli yake imelegea tangu kuzaliwa, yeye hana cha kuvua akatupa, na bado mnamcheka akichelewa kufunga begi. Yani hata sisi watu wazima tuliokaa nyuma ilituingia.

Halafu ndo wakaeleza zile soksi za nini. Kromosomu, vile vinyuzi ndani ya seli vinavyobeba urithi wetu, zikichorwa zinafanana kidogo na soksi, watu wengi tuna 46, mwenye Down ana 47 kwasababu ile namba 21 ziko 3 badala ya 2, ndo maana siku yao duniani ni tarehe 21 mwezi wa 3, Umoja wa Mataifa wanaiadhimisha tangu 2012. Dakika chache tu, watoto wakaelewa, wakaendelea na mengine.

Ila kilichonikuna mimi ni huyu binti waliyekuja naye, mkubwa tu, ana Down mwenyewe, anafanya kazi kwenye bekari ya shangazi yake. Wakampa maiki. Anaongea polepole na maneno mengine inabidi utege sikio, lakini anaongea mwenyewe, hakuna mtu wa kumtafsiria. Watoto wakaambiwa waulize chochote. Swali la kwanza, dada we timu gani? Akasema Simba. Basi nusu ya darasa ikamzomea, nusu ikamshangilia, na yeye akawajibu wale wa Yanga kwa dharau kabisa, mkono kiunoni. Kuanzia hapo hakuna mtoto aliyekua anamwonea huruma, walikua wanabishana nae kama wanavyobishana na mtu yeyote. Mimi naona hiyo ndo semina yenyewe, mengine yote ni mapambo, na kikundi chochote kitakachokuja bila mtu mwenye Down wa kuongea nisingekilipia hata nauli.

Walimu walipata kipindi kifupi ila cha maana. Mkalishe mbele kwasababu wengi wana shida ya masikio na macho, toa agizo moja moja sio matatu kwa mkupuo, tumia picha na vitu vya kushika maana wanajifunza zaidi kwa kuona, na ukimuuliza swali subiri, usimjibie, anaelewa zaidi ya anachoweza kutamka. Mwalimu mmoja akauliza haya yote nayafanyaje na darasa langu lilivyojaa vile, jibu lake halikunyooka sana, ila angalau hawakumdanganya kwamba ni rahisi.

Sasa jioni. Ndugu zangu, jioni waliharibu.

Wazazi wamekuja, majirani wamekuja, mjumbe kaja, mpaka mama ntilie wa getini kafunga biashara yake mapema, halafu mnatuwekea slaidi za kiingereza! Mara daktari Down wa Uingereza aliyeielezea hii hali 1866, mara Lejeune wa Ufaransa kugundua ile kromosomu 1959, sawa ni historia, lakini akina mama nyuma kule walishatoa simu zamani. Na picha zote ni za watoto wa kizungu. Jirani yangu akaninong'oneza, kumbe ni ya wazungu hii. Umeona sasa? Wakati binti wao yuko palepale amekaa kwenye kiti, jioni hawakumpa maiki kabisa.

Kuna bibi akasimama akauliza swali ambalo nusu ya ukumbi ulikua nalo moyoni: huyu mama mimba ilivyokua alimcheka nani mpaka akapewa hivi? Hapo ndo ulikua muda wa kukaa, mtu avute kiti, aseme taratibu kwamba hii inatokea kwa bahati tu mbegu au yai linapotengenezwa, sio laana, sio alichokula mama wala alichomcheka, na umri wa mama ukienda uwezekano unaongezeka ila mabinti wadogo wanazaa pia watoto hawa, tena wengi. Wababa waliosusa familia kwa hili tunawajua kwa majina mtaani. Jibu alilopewa bibi likawa "sio kweli bibi, ni jenetiki", slaidi ikaendelea.

Na jambo zito kuliko yote wakaligusa mlangoni watu wanatoka: karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na tatizo la moyo. Nusu! Mtoto anatakiwa apimwe eko, yani ultrasound ya moyo, mapema, na hapahapa Dar taasisi ya moyo ya JKCI pale Muhimbili wanafanya upasuaji wa watoto. Hii ilitakiwa iwe ya kwanza, kwa sauti kubwa.

Soksi nilinunua, elfu tano, pamba ni nzuri na hazijachuja, ila bango waliloacha ukutani ni lilelile la watoto wa kizungu kwahiyo tumelitoa.

Mkitaka kuwaita waiteni, kwa wanafunzi na walimu sina wasiwasi nao kabisa. Kwa kikao cha wazazi waambieni kabla: kiswahili, slaidi waache nyumbani, binti aongee, maswali yapewe muda mwingi kuliko maelezo. Na wapigieni mapema, wiki ile ya tarehe 21 Machi huwa wamejaa.