Kufikia hifadhidata ya wingu ukiwa Mbeya: kuruhusu IP au kupitia SSH?

Kwa ofisi ya Mbeya au Iringa yenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata) kwenye wingu, njia rahisi ni kuruhusu IP ya ofisi (anwani yake ya mtandao) kwenye poti 5432, mlango wa hifadhidata hiyo. Kwa faiba yenye IP isiyobadilika, inatosha, mradi kwenye mipangilio ya kuunganisha uweke sslmode=verify-full (simba data na uhakiki seva) na cheti cha mtoa huduma wa wingu; "require" husimba data tu, haihakiki jina la seva.

Kwa modemu ya laini ya simu, mambo hugeuka. IP hubadilika, tena huenda mnaitumia na wateja wengine wengi, basi ukiiruhusu umewaruhusu na wao. Wanaochoka kuhariri orodha ya IP zinazoruhusiwa huandika 0.0.0.0/0, yaani karibuni wote!

Hapo chagua SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia seva ya mbali: unapitia seva ndogo ya kati, hifadhidata ibaki mtandao wa ndani. Amri hii hufungua poti 5433 kwenye kompyuta yako inayofika kwenye hifadhidata:

ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -L 5433:seva-ya-db:5432 jina@seva-ya-kati

Bila hiyo ServerAliveInterval=30 (kuulizia seva kila sekunde 30 za ukimya), muunganisho ukikaa kimya huweza kukatika usijue. Faili la ufunguo wako wa siri wa SSH lipewe chmod 600 (mwenyewe tu alisome), la sivyo SSH huukataa. Verify-full nayo italalamika ukiandika localhost (kompyuta yako yenyewe), kwani si jina lililo kwenye cheti; weka host=seva-ya-db, hostaddr=127.0.0.1, port=5433. Mfanyakazi akiondoka, futa mstari wake kwenye authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa kwenye seva ya kati) na ubadilishe nywila ya hifadhidata aliyoijua.