Mtungi wa keg wa mitumba: niliuziwa stenlesi, kumbe ni alumini

Nyota 2 kwa 5, na ya pili ni ya yule kijana wa mlangoni alonibebea mpaka kwa boda.

Mi nauza uji asubuhi, wa wimbi, unachachushwa halafu ukwaju unaingia. Sufuria za alumini zimenichosha, uchachu unazila, ndani zinafanya weusi na uji ukilala humo haunyweki. Nikaambiwa tafuta mtungi wa keg, ile ya kuwekea bia ya baa, wa lita 50, ukatwe juu utiwe koki, huo ni stenlesi. Nikaingia duka moja la vifaa vya hoteli vya mitumba hapa Nairobi. Muuzaji akatoa sumaku mfukoni, akaibandika, ikaanguka. "Umeona mama? Haishiki, hiyo ni stenlesi." Nikatoa 6,000 bila kuuliza mara mbili.

Sasa skizeni. Sumaku kutoshika maana yake ni kwamba hicho si chuma cha kawaida, basi. Stenlesi ya mitungi kwa kawaida ni ile inaitwa 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na nikeli ndio inafanya sumaku iteleze, ingawa kwenye mikunjo na penye welding inaweza kuvutwa kidogo. Lakini alumini nayo haishiki!! Kwa hivyo ile sumaku yake haikuwa imeniambia kitu.

Aliyeniambia ni fundi wa jua kali Kamukunji. Aligonga na spana, ukatoa sauti butu, haukulia kengele. Akasugua na kitambaa cheupe kikatoka kijivu. Msumari akapitisha chini, ukachimba mtaro. Mimi bado nabisha eti mbona mzito, akasema alumini ni nyepesi karibu mara tatu kuliko stenlesi lakini mitungi yake inatengenezwa na ukuta mnene, mkono utakudanganya. Halafu kabla ya grainda akabonyeza valvu, fuuuu, hewa ikatoka, akanigombeza vizuri sana maana mtungi wenye presha ukikatwa unaweza kukuua, na dukani hakuna aliyenitajia hilo (hapa ndipo nyota ya tatu ilipotea). Akagusa ukingo na grainda: hakuna cheche hata moja. Akagusa kipande cha stenlesi kilichokuwa hapo chini, cheche za rangi ya chungwa zikaruka. Mchezo ukaisha hapo.

Koki yangu ya stenlesi haikuchomeleka, hizo mbili haziungani kwa welding. Na akanionya nisije nikauosha na kostiki soda, kwa alumini inatoa povu na kuila.

Nilirudi dukani. Hakubisha, ila pesa yote akakataa eti mtungi ushaguswa na grainda, akanipa 1,500 tu. Akanionyesha mwingine, stenlesi kweli, na bei nafuu zaidi, lakini ubavuni umegongwa maandishi kwamba ni mali ya kampuni ya bia. Huo nikamwachia, kesi sinunui.

Mkienda bebeni msumari na kitambaa, na hakikisheni valvu imetolewa hewa mbele yenu. Wangu sasa hivi ni wa maji ya kuoshea vikombe, uji bado uko kwa sufuria.