Vicheza muziki vinne vilivyopita mikononi mwangu

Mimi ni fundi cherehani. Kuanzia asubuhi mikono yangu yote miwili iko kwenye kitambaa, mguu uko kwenye pedali na macho yanafuata sindano. Ndiyo maana ninapokipima kicheza muziki, swali langu la kwanza ni moja tu: naweza kuruka wimbo bila kukitazama? Nimemiliki vinne mpaka sasa, na swali hilo ndilo lililoamua kipi kikae kwenye mfuko wa aproni na vipi viishie kwenye droo.

Kilichokaa ni Sansa Clip+ ya SanDisk, kifaa cha mwaka 2009, ukubwa wake kama kiberiti. Nitakieleza kwa urefu, lakini kwanza niseme kuhusu vile vingine, maana bila hivyo nisingejua kwa nini hiki ni kizuri.

Cha kwanza nilikinunua kwa sababu ya kioo chake. Kiliuzwa kwa jina la "MP4", nami nikaamini kama wengi walivyoamini, kwamba MP3 ni cha nyimbo na MP4 ni cha nyimbo pamoja na video. Kumbe MP4 ni aina ya faili, haina uhusiano na daraja la kifaa, na kile changu hakikuweza kufungua faili ya MP4 hata moja. Kila video ilitakiwa igeuzwe kwanza kuwa AMV, aina nyingine ya faili ya video, kwa programu iliyokuja kwenye sidii ndogo ndani ya boksi. Nilikaa kwenye kompyuta jioni nzima nageuza filamu moja, na nilipoifungua nyuso za watu zilikuwa miraba mitupu, midomo inatembea na sauti inafuata nyuma.

Lakini lililoniuma zaidi ni memori. Kwenye boksi waliandika GB 16, na hata kompyuta ilipokisoma ilisema GB 16. Nikajaza nyimbo. Za mwanzo zikaimba vizuri, nikaridhika. Wiki ya pili nikagundua kwamba kuanzia mahali fulani kwenye orodha kila wimbo unaonyesha 0:00 na kifaa kinaruka mwenyewe kwenda unaofuata, mpaka kinaganda. Nikadhani faili zangu ni mbovu, nikazinakili upya, mambo yakawa yale yale. Baadaye ndipo nilipoelewa: ndani kuna chipu ndogo, na ile sehemu inayoiongoza imeandikwa upya ili idanganye ukubwa. Ukishapita kiasi halisi, unachonakili kinapotea au kinafuta cha mwanzo, na kompyuta haikuambii kitu. Tangu siku hiyo sinunui kicheza muziki wala memori kadi bila kuipima kwa H2testw, au F3 kwa wanaotumia Linux na Mac. Programu hizi ni za bure. Zinajaza memori yote kwa data kisha zinaisoma tena kuona kama iliyoandikwa ndiyo iliyorudi. Kazi inachukua saa kadhaa, lakini ifanye kabla hujatupa risiti.

Cha pili nilikipenda kuliko vyote, na ndicho kilichonitoa machozi. Kilikuwa cha diski inayozunguka, ile ya inchi 1.8, ya aina iliyotumika kwenye iPod ya kwanza mwaka 2001 ilipotoka na GB 5 zake na watu wakashangaa nyimbo 1,000 zinakaaje mfukoni. Changu nilikipata kimeshatumika. Kilikuwa kizito, ukikishika unasikia diski ikiamka ndani kama moyo mdogo, halafu inatulia. Sauti yake ilikuwa nene na pana. Na kilikuwa na kitu ambacho vicheza muziki vichache sana vinacho: tundu la kuingizia sauti. Unachukua waya, unaunganisha na redio kaseti, unabonyeza rekodi.

Baba yangu aliacha kaseti nyingi. Za muziki, za mawaidha, nyingine alirekodi mwenyewe kwenye shughuli za familia, na katikati ya wimbo unasikia mtu anakohoa au mtoto anaitwa. Nilizirekodi moja moja usiku, baada ya kazi. Kaseti ya dakika 90 kwa MP3 ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ilinipa kama MB 86, hesabu rahisi ya karibu MB moja kwa kila dakika, na wakati ule niliona inatosha. Kama ningeanza leo ningerekodi bila kubana kabisa, nihifadhi hiyo kama asili, kisha nitoe nakala ndogo ya kubeba. Kinachobanwa kwa MP3 hakirudi.

Nilishafika karibu nusu. Siku moja kilianguka kutoka kwenye meza ya kukatia, mwendo wa kiunoni tu, na kilikuwa kinacheza. Kilitoa sauti ya tak, tak, tak. Nilikiweka sikioni. Tak, tak. Kioo kikaonyesha alama ya kosa na hakikuwaka tena. Diski ikiwa inazunguka, kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Ikipata kishindo wakati huo kichwa kinagusa, na hapo hakuna fundi wa kawaida atakayekusaidia. Baadhi ya rekodi nilikuwa sijazinakili kwenye kompyuta, na kaseti zake nilishazigawa kwa ndugu. Nimepata chache tu kuzirudisha.

Kwa hiyo nikikuta mtu anakwenda kununua kicheza muziki cha diski kwa sababu ya sauti, namwambia sauti ni kweli, lakini asikae nacho na diski ile. Kwa baadhi ya modeli, hasa iPod za zamani, mafundi siku hizi wanaitoa diski na kuweka adapta yenye memori kadi. Kifaa kinakuwa chepesi, betri inadumu zaidi kwa sababu hakuna kinachozungushwa, na kikianguka hakuna kichwa cha kugusa chochote. Na rekodi ya mtu ambaye hayupo tena, tafadhali, isikae mahali pamoja hata usiku mmoja.

Sasa Clip+. Kina kioo kidogo sana cha mistari michache, hakichezi video, hakina Bluetooth. Ukikitazama mezani hutakitamani. Uzuri wake unaujua ukikiweka chini ya kitambaa. Pedi yake ina pande nne na kitufe cha katikati, kidole gumba kinajua kilipo kulia na kushoto hata kupitia aproni. Sauti inaongezwa na kupunguzwa ubavuni. Nyuma kuna kibanio. Niko katikati ya kushona ukosi, mkono wa kushoto umeshika kitambaa kisiteleze, nabonyeza mara moja juu ya nguo kwa mkono wa kulia na wimbo unapita, mshono haujapinda. Kwa kioo cha kugusa lazima usimame, ufute mikono, ukitoe, ukiwashe, utazame. Mara ishirini kwa siku.

Kinasoma faili za muziki za aina ya MP3, OGG na FLAC, kina redio ya FM na maikrofoni ya kurekodi sauti. Kina nafasi ya memori kadi ndogo. Kadi kubwa kuliko GB 32 mara nyingi huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT ambao vicheza vingi vya zamani haviutambui. Ifomati iwe FAT32 kwanza. Mimi natumia GB 64 kwa njia hiyo na inafanya kazi. Chaji yake inatumia waya wa mini-USB, ule wa zamani, kwa hiyo nunua wa akiba ukiuona. Hedifoni za kawaida kabisa zinaimba vizuri juu yake, na pale wimbo unaponyamaza hakuna mvumo nyuma.

Kitu kilichonifanya niache kutafuta kingine ni Rockbox. Hii ni programu ya bure inayoendesha kicheza muziki badala ya ile ya kiwandani, iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya vicheza muziki vya kampuni ya Archos, kisha wanaojitolea wakaihamishia kwenye modeli nyingi. Unaiweka pembeni ya mfumo wa kiwandani, huo wa asili unabaki na unaweza kurudi kwake. Nilikuwa naogopa kuua kifaa, nikasoma maelekezo mara tatu, na kazi yenyewe ikaisha kwa dakika chache. Baada ya hapo nyimbo za albamu inayounganika zikaacha kukatika katikati. Mawaidha ya saa mbili yakawa yanaendelea pale pale nilipoyaachia, hata kama katikati nimesikiliza muziki. Na inaweza kukusomea menyu kwa sauti. Wapo wasioona wanaotumia vifaa hivi kwa sababu ya hilo moja, na mimi ambaye macho yangu yako kwenye sindano nimefaidika nalo pia.

Jambo dogo linalosumbua wengi kwenye vifaa vya namna hii ni mpangilio. Ukiacha nyimbo zikae na majina 1, 2, 3 mpaka 12, vifaa vingi vitacheza 1, 10, 11, 12, kisha 2. Andika 01, 02, 03. Nimetumia jioni kadhaa kuandika upya faili za kaseti za baba kwa namna hiyo, tarehe mbele, na sasa kila upande wa kaseti unafuata ule uliotangulia.

Cha nne kilikuwa kipana, chenye kioo cha kugusa, kinatumia Android, Bluetooth ipo, video zipo. Nilikinunua kwa ajili ya safari na mwanangu, na nitakuwa mkweli: kwenye safari ile kilifanya kazi nzuri. Aliangalia katuni saa nne mfululizo, picha safi, hakuna kugeuza faili, chaji ikabaki. Baada ya hapo alikitumia mara moja moja, kikawekwa kabatini kikiwa na chaji sifuri. Miezi kadhaa baadaye nilikitoa na kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja, betri imevimba. Kama umekiona kifaa chako hivyo, usikichaji, usikibonyeze kirudi, usikitoboe. Kipeleke kwa wanaopokea betri chakavu.

Kwa upande wa video, mimi sioni tena sababu ya kununua kifaa cha pekee. Simu ya kawaida ina kioo kizuri zaidi na inasoma karibu kila kitu. Kama unataka kumpa mtoto video bila intaneti na bila meseji zako kuguswa, simu ya zamani iliyotolewa laini inafanya kazi hiyo hiyo.

Muziki ni habari nyingine. Watu huniuliza kwa nini nabeba vitu viwili wakati simu inaimba. Wateja wangu wananipigia simu siku nzima. Nikisikilizia huko kila wimbo unakatwa, na betri ikiisha saa tisa nakosa kazi. Tena tangu iPhone 7 ilipotoka mwaka 2016 bila tundu la hedifoni, kampuni nyingi zimefuata mkondo huo, na mimi hedifoni zangu za waya ni nzima. Ila siwezi kumwambia kila mtu anunue. Mtu anayesikiliza nyimbo mpya kila wiki kwa kulipia huduma ya intaneti, Clip+ haitamfaa hata siku moja, maana haijui intaneti ni nini. Inamfaa mwenye faili zake mwenyewe na anayerudi kwenye nyimbo zile zile kwa miaka.

Neno kuhusu masikio, kwa wanaofanya kazi penye kelele kama mimi. Cherehani inavuma, unapandisha sauti, mwisho wa siku masikio yanalia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kwenye desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Nilichofanya ni kununua hedifoni za kuziba sikio zenye mpira laini. Kelele ya mashine inabaki nje, na sauti niliyokuwa naiweka karibu na mwisho sasa iko chini ya nusu. Sikio moja naliacha wazi mteja akiwa dukani.

Clip+ haitengenezwi tena, kwa hiyo unayoipata imeshatumika. Muulize muuzaji mambo matatu: betri inashika kwa saa ngapi, tundu la hedifoni likitikiswa sauti inakatika upande mmoja au la, na kadi ikichomekwa inasomwa. Vitufe vibonyeze vyote, kila kimoja mara nyingi. Mimi nimeshanunua ya pili ya akiba. Niliichaji nusu, maana betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa wala zimeisha, na kila baada ya miezi mitatu naitoa kwenye droo ya nyuzi, naiwasha, naijaza tena mpaka nusu. Ndani yake kuna nakala ya kaseti zote zilizookoka.